Wiki Kumi za "Shuka Taratibu"

Kila asubuhi, kabla Kimeu hajafungua mlango wa mbele wa hoteli yake pale Voi, ng'ambo ya stesheni, Thadeus alikuwa ameshaketi kwenye ngazi ya nyuma anachonga miiba. Si kazi ya mtu mzima hiyo, najua. Watu walimpita wakacheka. Mtu wa miaka arobaini na kitu, mpiga gita aliyewahi kurekodiwa Nairobi, anakaa na kisu kidogo na kipande cha msasa kama anayetengenezea watoto mishale ya kuchezea! Lakini alikuwa hana nguvu za kuwajibu. Wiki ya saba ya kuchonga hiyo, na mgongo wake ulikuwa unauma kabla hata ya kuinuka kitandani.

Miiba yenyewe ilikuwa ya mgunga, ile mirefu myeupe. Aliichonga ikawa ya kukaa kwenye gramafoni mahali pa sindano ya chuma. Sindano ya chuma hula santuri. Ukiicheza santuri kwa chuma mara mia, sauti yake inaanza kukwaruza. Ukiendelea, hubaki na kelele tupu kama mafuta yanayokaangwa. Mwiba ni mpole. Unalika wenyewe kabla ya kuila santuri, ndiyo maana kila wimbo ukiisha inabidi mwiba mwingine. Kwa hiyo nyimbo nyingine zote za hoteli ile zilichezwa kwa chuma, na mmoja tu ndio uliochezwa kwa mwiba. Wimbo huo ni "Shuka Taratibu", wa Thadeus mwenyewe, na sauti ya kike iliyomo ni ya Wakio, mkewe, aliyefariki mwaka wa hamsini na mbili.

Sasa tuelewane kuhusu ule ubao, maana bila ubao hakuna kisa. Kimeu alikuwa Mkamba mmoja mwenye maneno mengi na chai nzuri, na ndiye aliyebuni mambo ya kupanga nyimbo. Alitundika rafu yenye makopo kumi, kila kopo na wimbo wake. Ukinunua chai unapewa mbaazi moja, unaitia kwenye kopo la wimbo unaoupenda. Jumamosi adhuhuri Kimeu anamimina makopo, anahesabu kwa sauti mbele ya watu, halafu anaandika kwenye ubao mweusi ulioelekea stesheni: namba wani huyu, namba tuu huyu, mpaka kumi. Watu walibishana pale kuliko baraza la chifu. Makuli wa reli, akina mama wa sokoni, karani wa shamba la mkonge, abiria wa garimoshi la Taveta wanaongoja kuunganisha la Mombasa, wote walitaka kujua wimbo gani umepanda na upi umeshuka. Na sheria ya Kimeu ilikuwa moja: wimbo ulio namba wani lazima uchezwe mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na jioni, wateja wapende wasipende. Mcheza santuri ni Thadeus. Ndiyo ajira aliyobakiwa nayo tangu vidole vyake vianze kukakamaa.

Mwaka huo wa hamsini na nane, mwezi wa pili, alipita Kituku, wakala wa kampuni moja ya santuri ya Nairobi. Alikuwa na gari dogo lililojaa maboksi, na kila mwezi akienda Mombasa alisimama kwa Kimeu, akanakili ubao wote kwenye daftari lake. Alisema Voi ni mahali pazuri pa kupima wimbo, kwa kuwa watu wa reli zote mbili hukutana hapo. Thadeus alimletea chai, akamuuliza kwa sauti ya chini kama kampuni inaweza kutoa tena santuri ya zamani.

"Ya mwaka gani?"

"Hamsini."

"Mzee, hiyo imekufa," Kituku akasema, lakini si kwa ubaya. "Ila nikuambie. Wimbo wa zamani ukikaa namba wani wiki kumi mfululizo, nitawaonyesha wakubwa daftari hili, na hawatakuwa na la kusema. Watautoa upya."

Jamani, maneno hayo! Thadeus alisimama na sinia mkononi hadi Kimeu akamwita mara ya tatu. Maana alikuwa ametafuta nakala nyingine miaka mitatu asipate. Huko Marungu aliambiwa kuna mtu anayo, akaenda kwa miguu, akakuta imelaliwa na mbuzi. Karani mmoja wa Taveta yake iliachwa juani dirishani ikajikunja kama chapati. Iliyobaki nzima, kwa alivyojua yeye, ni hii moja, na ndani yake mlikuwa na sauti ya Wakio, na haikuwa mahali pengine popote duniani. Wala hakuwa na picha yake.

Na kulikuwa na Mable. Mable alikuwa na miezi mitano mama yake alipofariki kwa homa, na alilelewa na bibi yake Gertrude huko Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau. Sasa alikuwa na miaka sita, anauliza maswali. Thadeus alimwahidi kwamba siku moja atamsikilizisha mama yake. Basi ndivyo alivyofikiri: nikipata santuri mpya, moja ataweka mtoto, moja nitaweka mimi, na hata akiolewa ataenda nayo. Akaanza kupiga kampeni.

Aliwaomba makuli mmoja mmoja. Aliwaomba abiria wasiomjua. Ndunge, aliyeuza ndizi mlangoni, alimpa mbaazi zake zote na akawa anawafokea wateja wake, "Wewe, umetia kopo gani? Tia la Thadeus, usiwe na roho ngumu!" Wiki ya tatu ya kampeni "Shuka Taratibu" uliushinda wimbo "Bibi wa Baiskeli" uliotoka Nairobi juzijuzi, ukakaa namba wani. Ndipo wiki kumi zikaanza kuhesabiwa. Na ndipo Thadeus alipoona mtego aliojitegea mwenyewe: ili santuri ipone lazima iwe namba wani, na ikiwa namba wani lazima ichezwe mara tatu kwa siku. Alikuwa anaimaliza ili aipate.

Miiba ikaanza hapo. Lakini mwiba hauna nguvu ya chuma. Sauti hutoka ndogo, ya mbali, kama mtu anayeimba chumba cha pili. Kwa hiyo ikifika zamu ya "Shuka Taratibu" Kimeu alipiga sinia mara moja, na hoteli nzima ikanyamaza. Vikombe vikawekwa chini. Hata waliokuwa wanabishana kuhusu mishahara ya reli walifunga midomo. Wakasikiliza gita linaanza, kisha Wakio:

*Shuka taratibu, njia ina mawe,*
*mlima haukimbii, utaukuta kesho.*

Katikati ya ubeti wa pili kulikuwa na lile jambo. Siku ile ya kurekodi, uzi wa gita la Thadeus ulikatika, tang! Wakio akacheka. Kicheko kifupi, mara mbili, halafu akavuta pumzi na kuendelea kuimba kana kwamba hakuna kilichotokea, na Thadeus akamalizia kwa nyuzi tano. Fundi wa kampuni alisema ni sawa tu, hakuna kurudia, wengine wanangoja. Kwa hiyo kicheko kikaingia kwenye santuri.

Thadeus alikasirika, lo! Njia nzima kutoka Nairobi hadi Voi hakumsemesha. Karibu na Mtito Andei alifungua kinywa mara moja tu, akasema, "Umeniharibia santuri yangu." Wakio akatazama dirishani. Santuri ilipotoka iliuzwa kidogo, ikaingia huku na huku, ikasahauliwa, na Thadeus akasema ni kile kicheko kilichoiua. Alisema hivyo mbele ya watu. Hakumwomba msamaha, alikuwa anangoja hasira zipungue, na zilipopungua akangoja siku nzuri, na siku nzuri haikufika. Hilo ndilo lililokuwa linamla. Usimwone mtu anachonga miiba ukadhani ni wazimu.

Sasa wateja wa Kimeu, kwa kuusikia wimbo ule mara ishirini na moja kwa wiki, walizoea. Likifika lile tang, wote walijua kinachokuja, na Wakio akicheka nao wakacheka. Aliyeanza ni Mutiso, kuli mmoja mwenye kifua kama pipa. Akacheka kama yeye vilevile, mara mbili na kuvuta pumzi. Wakamfuata. Wiki ya tano ikawa ni hoteli nzima, hata Kimeu mwenyewe akiwa jikoni.

"Nyamazeni!" Thadeus aliwafokea siku moja. "Mnamfunika! Hapo ndipo alipo, na ninyi mnamfunika!"

"Pole, mzee," Mutiso alisema. "Lakini anachekesha huyu mama. Mtu atafanyaje?"

Wakajitahidi kesho yake. Lakini kesho kutwa walikuwa wamerudia, na Thadeus hakuwa na nguvu za kufoka kila siku. Aliwachukia kimyakimya. Aliwaona kama watu wanaokula chakula cha mtoto wake huku wanamsifu mpishi.

Wiki ya nane sauti ilianza kuondoka. Si mara moja. Kwanza yale maneno laini ya mwisho wa mstari, kisha ubeti wa kwanza ukawa kama unatoka nyuma ya mvua. Mwiba ulikuwa umeacha kusaidia. Santuri ilikuwa imeshalika siku nyingi kabla, na kila ilipochezwa, kidogo kilichobaki kilikwanguliwa. Jumapili Thadeus alimwachia Kimeu gramafoni na miiba, akadandia lori la unga likamwacha njia panda, akatembea mpaka Makwasinyi, viatu vimejaa vumbi jekundu.

Alimkuta mkwewe Gertrude amekaa kando ya shamba, macho mekundu. Ndovu walikuwa wamepita kwenye mahindi usiku wa kuamkia siku ile, wakala robo ya shamba. Thadeus alikaa chini kwa adabu, mbali kidogo, kama anavyokaa mtu na mama mkwe. Wakaamkiana. Mable alikuja akamshika mkono, akaanza kuhesabu vifundo vya vidole vyake.

"Umekuja na santuri?" Gertrude akauliza.

"La, mama. Bado wiki mbili."

"Mwalimu Mwandawiro ana gramafoni hapo kanisani. Nimeshamwomba. Lete hiyo ya zamani mtoto asikie, hata mara moja."

"Imechoka, mama. Sitaki amsikie akiwa amechoka. Wiki mbili tu, nitaleta mpya, safi."

Gertrude aliyatazama mahindi yake yaliyolala. "Mimi nilikuwa navuna wiki ijayo," alisema.

Thadeus alilisikia hilo neno. Nisiseme hakulisikia. Njiani kurudi lilimfuata, na mara mbili alisimama barabarani akawaza kwenda kuichukua santuri na kurudi nayo kesho yake, ichezwe kanisani, liwalo na liwe. Lakini akiiondoa hotelini Jumatatu, haitachezwa. Isipochezwa, watu hawatatia mbaazi. Jumamosi itaanguka, na wiki nane zote zimekwenda bure. Akaendelea kutembea kuelekea Voi. Alikuwa amechoka mno, na mtu aliyechoka hufuata njia aliyokwisha kuianza.

Wiki ya tisa ikapita. Wiki ya kumi, siku ya Jumatano, gita lilikuwa bado linasikika lakini Wakio hakuwapo tena. Wateja walinyamaza kama kawaida, wakangoja. Ikaja tang, hafifu. Baada yake ni mkwaruzo tu. Wakacheka hata hivyo, kwa mazoea, mara mbili na kuvuta pumzi. Thadeus hakuwafokea. Alikwenda nyuma akakaa kwenye ngazi, na Kimeu akaja akasimama karibu naye.

Jumamosi mbaazi zikamiminwa. "Shuka Taratibu", mia mbili na kumi na nne. Namba wani, wiki ya kumi. Watu wakapiga makofi na vigelegele, Mutiso akambeba Thadeus begani mpaka nje kwenye ubao, na Ndunge akatoa ndizi bure, jambo ambalo halijaonekana tena Voi. Kituku alipofika siku ya tatu alinakili, akamshika Thadeus mkono. "Nimeahidi, mzee. Nipe wiki sita."

Wiki sita alizingoja namna gani, sijui. Alikula kidogo. Aliifunga santuri ya zamani kwa kitambaa cha Wakio, akaiweka chini ya kitanda, hakuigusa. Kituku alipotuma habari kupitia mlinzi wa treni kwamba boksi linakuja Ijumaa, Thadeus alituma watu Makwasinyi mara moja. Mable akaletwa na bibi yake kwa lori, gauni jipya la bluu, nywele zimesukwa zikavutwa hadi macho yakawa membamba. Wakamkalisha benchi la mbele kabisa, karibu na gramafoni. Hoteli ilijaa hadi madirishani. Kimeu alimpa chai ya maziwa na mandazi mawili, naye hakula, aliyashika tu.

Kituku akaingia na boksi. Thadeus aliona mara moja kwamba hamtazami usoni.

"Mzee, tuje nje kidogo."

"Sema hapahapa."

Kituku akashusha sauti. Alisema kampuni ilikubali vizuri kabisa, siku ileile. Lakini walipotafuta lile bamba la chuma la mwaka wa hamsini, la kufinyangia santuri, hawakulikuta. Yale ya zamani yalikuwa yameyeyushwa zamani. Alikuwa hajui, Mungu shahidi. Basi wakubwa, kwa kuwa wimbo unapendwa, wakaona usipotee. Wakaita vijana wa Nairobi wakaurekodi upya. Msichana mmoja, sauti nzuri sana. Jina la Thadeus limeandikwa pale kama mtunzi.

Thadeus aliipokea santuri. Karatasi yake ya katikati ilikuwa nyekundu, inang'aa. Alitaka kuivunja kwenye kona ya meza. Kweli kabisa, mkono uliinuka. Kisha akamwona Mable amejisogeza mbele kwenye benchi, mandazi mikononi, anamtazama yeye, si santuri. Wiki mbili, alikuwa ameomba wiki mbili! Angalimletea kanisani siku ile, mtoto angalisikia, hata kwa mkwaruzo. Alihisi aibu ikimpanda kama homa.

Hakujua la kufanya, akafanya kazi yake. Akazungusha mkono wa gramafoni, akatia sindano ya chuma, maana mwiba wa nini tena. Kimeu akapiga sinia. Hoteli ikanyamaza kama walivyonyamaza wiki zote zile, ingawa safari hii haikuhitajika. Sauti ilitoka kubwa, safi, ikajaa chumba. Magita mawili. Msichana aliimba vizuri, hakuna ubishi. Alishuka taratibu, mawe yakawa mawe, mlima haukukimbia. Mable alikunja shingo kusikiliza, na uso wake ulikuwa wa mtoto anayejitahidi kumjua mgeni.

Ubeti wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza. Uzi haukukatika. Hakuna tang. Msichana wa Nairobi alipita mahali pale moja kwa moja, hakujua kwamba kuna kitu pale.

Lakini watu walijua. Walicheka wote kwa pamoja, bila kuambizana, Mutiso na Ndunge na karani wa mkonge na Kimeu mlangoni mwa jikoni na wale wa madirishani. Kicheko kifupi, mara mbili, halafu pumzi ikavutwa na watu sitini. Kilikuwa cha Wakio. Kilikuwa chake kabisa, ule wepesi wake, na namna kilivyopanda kidogo ile mara ya pili. Thadeus alishika ukingo wa meza. Miaka minane alisema kicheko hicho kimemharibia wimbo, na wiki zote zile akawachukia watu hawa kwamba wanamfunika.

Gertrude alikuwa ameziba mdomo kwa leso. "Huyo ni mwanangu," alisema. "Huyo ni Wakio."

Mable aliangalia nyuso zote zilizomzunguka. "Baba, wanacheka nini?"

"Hapo mama yako alicheka," Thadeus akasema. "Nikamkasirikia. Na hakukuwa na kosa."

"Nataka tena."

Thadeus akaunyanyua mkono wa sindano, akaurudisha nyuma hadi mwanzo wa ubeti wa pili, chuma kikakwaruza, na hakujali. Akacheza. Wakacheka. Akarudisha tena, na tena, hadi Kimeu akasema chai imepoa jikoni na hakuna aliyemsikiliza. Mara ya tano Mable alivuta pumzi mapema kidogo, akangoja mahali penyewe, akacheka pamoja nao.